Sauti Iliyotoka Simu ya Kanisa

Kwamba Mwaro ameonekana Kilifi, amekaa benchi moja na Purity karani wa kanisa, wakila viazi karai kutoka karatasi moja: maneno hayo yalimwingia Emily sikioni siku ya Ijumaa, yakakataa katakata kutoka. Alikuna nazi nayo. Alifua nayo. Alipoinama shambani kung'oa magugu yalikuwa yameshainama mbele yake, yanamngoja.

Aliyeyaleta ni Idah.

"Mama Kahonzi, mimi si mtu wa maneno," alianza Idah, na mtu akianza hivyo jua maneno yanakuja kwa gunia. "Lakini sisi tunakaribia kuwa ndugu. Mimi ndiye niliyeishika mkono posa ya mtoto wako. Nikinyamaza, kesho utaniuliza, Idah, ulikuwa wapi?"

"Sema basi, ushanitia tumbo joto."

"Alhamisi. Mume wako. Kilifi. Na karani."

"Mwaro yuko kazini, jikoni hotelini Kikambala."

"Ndiyo nikwambie, mwenzangu. Kikambala si mbali na Kilifi kwa mwenye miguu."

Idah, aliyeolewa hapa Magarini na kusali kanisa moja na Emily, alikuwa shangazi yake Eugene, kijana wa Vitengeni aliyempenda Kahonzi, binti wa kwanza wa Emily. Posa yenyewe ilikuwa Jumamosi ya juma lililofuata. Wazee wa Vitengeni wangefika Magarini na kreti za soda, maana kanisa lao halitaki pombe ya mnazi, na soda ndiyo iliyopewa kazi ya mnazi: msichana akikubali anafunguliwa chupa, ananywa kidogo, anampa baba yake, na hapo neno limekwisha. Emily alikuwa ameipaka nyumba udongo mpya kwa ajili ya siku hiyo. Hakuna kitu alichokitaka duniani kama kumwona Kahonzi akiinywa ile soda. Yeye mwenyewe aliolewa mbiombio, bila mzee wala chupa, na tangu siku hiyo hadi leo mawifi zake hawajaacha kumkumbusha.

Sasa ndipo akaletewa habari ya benchi.

Purity huyu, tuseme kweli, hakuwa na kosa lolote ila moja: alikuwa mzuri. Mjane, umri bado mbichi, amebaki na mdogo wake Sanga wa kumlea, mvulana wa afya haba. Visigino vyake laini kama hajawahi kukanyaga shamba. Akiimba sauti ya kwanza, wanaume wa kwaya wanasahau zamu yao ya kuingia. Emily alivitazama visigino vyake mwenyewe, vilivyopasuka kama udongo wa Desemba usioona mvua, akavificha chini ya leso ingawa hapakuwa na mtu wa kumtazama. Akakumbuka pia kwamba Mwaro aliwahi kusema wakila, bila kuulizwa, "Karani anaijua kazi yake." Wakati ule lilikuwa neno tu. Sasa aliligeuza huku na huku kama samaki wa jana, ananusa.

Na kazi yenyewe ya karani ilikuwa nini? Ilikuwa kushika simu ya kanisa.

Zamani mtu mwenye shida alikwenda kwa mchungaji, akamnong'oneza, basi. Lakini watu wakatawanyika, huyu Malindi, huyu Kikambala, huyu baharini, na wengi kuandika hawajui. Mchungaji Katana akaleta simu. Mwenye jambo anatuma sauti yake, karani anaisikiliza, mchungaji anaisikiliza, wanaliombea, kisha sauti inafutwa. Alilitangaza madhabahuni, mkono kifuani: "Kinachoingia kwenye simu hii kinasikiwa na masikio yetu mawili na la Mungu. Hakitoki." Watu wakaamini. Wakamwaga humo waliyokuwa nayo: ndoa, mimba, madeni, ndoto mbaya, majina ya watoto waliopotea. Kanisa dogo la mabati, lakini ndani ya ile simu Magarini yote ilikuwa imekaa bila nguo.

Purity aliifumia mfuko wa uzi wa kijani, akawa anauvaa shingoni. Hata ule mfuko Emily aliuonea wivu.

Jumapili baada ya ibada alimngoja mlangoni.

"Shikamoo, Mama Kahonzi."

"Marahaba. Alhamisi ulikuwa wapi, karani?"

Purity alishtuka kidogo, kisha akatulia. "Nilikuwa Kilifi. Nilimpeleka Sanga."

"Wewe na Sanga. Na nani tena?"

Karani akaushika ule mfuko wa kijani kama mtu anayeshika mkono wa mtoto barabarani. "Mengine si yangu kusema, mama."

"Si yako! Ya nani basi?"

"Muulize mwenyewe akija. Nakuomba."

Angekana, Emily angetulia. Angecheka, angemtukana, vilevile angetulia. Lakini *si yangu kusema*! Maana yake kuna la kusemwa. Alirudi nyumbani na wivu wa moto wa pumba, juu jivu, chini kaa tupu.

"Mpigie baba umuulize," Kahonzi alimshauri alipomwona hali.

"Nimpigie nimpe nafasi ya kutunga uongo? Wewe bado mtoto."

"Mtoto unayemwoza Jumamosi," Kahonzi akasema, akacheka, akaenda zake kuchota maji.

*

Sasa jambo ambalo mchungaji hakulitangaza madhabahuni ni hili. Kanisa halikuwa na umeme. Simu ilihitaji chaji, na sola ya kuaminika karibu na kanisa ilikuwa ya Emily, aliyonunuliwa na Mwaro. Kwa hiyo kila Jumanne mchana simu ya kanisa ililala kwa Emily hadi jua lipungue. Yeye ndiye aliyejitolea, na alijivuna nalo sana. Hakuna aliyejiuliza: siri za kanisa zima zinaachwaje juu ya kabati la mtu, baina ya chumvi na mafuta ya taa?

Kulikuwa na namba ya siri, ndiyo. Lakini mchungaji alikuwa msahaulifu, akachagua namba ya wimbo aupendao na kuutanguliza sifuri, ili asipotee. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa mzaha, akalisema hilo mbele ya watu: "Namba hii siisahau hata nikizeeka, naiimba kila Jumapili!" Watu wakacheka. Na nani Magarini asiyeujua wimbo wa Mchungaji Katana? Namba yake ilikuwa ikiandikwa kwa chaki ubaoni, karibu na mimbari, tangu ubao huo uwe ubao.

Jumanne ile Purity alikuja na simu kama kawaida. Alisita mlangoni.

"Mama Kahonzi, nikaichajie dukani leo? Naona una shughuli nyingi za posa."

"Kwani sola yangu imeoza?"

"La, sikusema hivyo."

"Basi lete."

Akaitoa mfukoni, akampa. Mikono yao iligusana, na Emily akausikia ule wa Purity ulivyo laini.

Alivumilia. Tusimdhulumu, alivumilia. Alifagia uwanja. Alichambua mchicha. Akarudi kuitazama simu, taa yake nyekundu ikimkonyeza. Mwishowe akajiambia maneno ambayo kila mwizi hujiambia: *naangalia tu*. Akabonyeza sifuri, akaufuatisha wimbo wa mchungaji, na mlango ukafunguka.

Humo ndani mlikuwa na sauti nyingi ambazo hazijafutwa. Mchungaji alikuwa amekwenda semina Malindi tangu juma lililopita, na kanuni yao ilikuwa kwamba haifutwi mpaka wote wawili wasikilize, basi zilikuwa zimelala zinamngoja. Emily hakuzitaka. Aliteremka kwa kidole, jina baada ya jina, hadi akaliona moja: *Baba Kahonzi*. 

Akabonyeza.

"Dada Purity, ni mimi Mwaro," ilisema sauti ya mumewe, ya chini, ile anayoitumia akiwa na jambo la ndani. Sauti ambayo Emily alidhani ni yake peke yake. "Alhamisi nitafika tena Kilifi, nitakungoja palepale kwenye benchi. Nakuomba kwa jina la Yesu, Mama Kahonzi asijue..."

Aliizima hapo hapo. Ya kusikia alikuwa ameshayasikia. *Mama Kahonzi asijue.* Na Yesu akatiwa ndani, kana kwamba ndiye mshenga wao!

Hakulia. Kulia kungemsaidia. Aliishika ile sauti kwa kidole gumba mpaka ikabadilika rangi, akabonyeza mshale, na simu ikamuuliza aipeleke wapi. Mkwe hapana, mchungaji hapana. Akalichagua kundi la wasapu la akina mama wa kanisa, maana simu ya kanisa nayo imo. Acha wasikie wenyewe. Acha wamsikie kwa kinywa chake, kutoka simu ya karani wao mwenye visigino. Kidole kikashuka.

Kwa dakika chache akahisi raha ambayo hajaihisi kwa miezi. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, mgongo wima, akishika simu yake mwenyewe mkononi, akingoja dunia imtetee.

Haikukawia. "Pole sana Mama Kahonzi," akaandika wa kwanza. Akafuata wa pili: "Pole mama. Mungu hamwachi mja wake." Wa tatu akatuma mikono iliyokunjwa ya kuomba. Pole zikaja kama mvua ya kwanza ya Aprili, na Emily akazipokea moja moja, akizilamba. *Ndiyo, nipeni pole yangu. Na huyo mpeni haki yake.* Kitu kimoja tu kilimkera: hakuna hata mmoja aliyemtaja Purity. Wala Idah, mwenye kisa chake, hakuandika kitu. Kwenye simu ya kanisa ilionekana amesikiliza, kisha kimya.

Ndipo Kahonzi akaingia. Alikuwa ametoka sokoni na simu mkononi, sauti imeshamfikia kwa kurushiwa, uso umepauka.

"Mama. Ile sauti ya baba. Nani ameiweka?"

"Imejiweka yenyewe. Uovu haufichiki."

"Uovu gani? Mama, umeisikiliza?"

"Nimesikia yote."

"Mpaka mwisho?"

Kahonzi akaibonyeza, akaiweka chini baina yao, na Mwaro akaanza tena kusema.

"...nakuomba kwa jina la Yesu, Mama Kahonzi asijue kwa sasa. Nimeanguka tena, dada yangu, jikoni, karibu na karai la mafuta. Wenzangu waliniokota natoka povu. Daktari amesema ni kifafa, ni kama cha Sanga wako, dawa zipo, nimeze kila siku nitaishi kama watu. Lakini naona haya. Posa ya mtoto ni Jumamosi hii. Huko Vitengeni wakisikia nyumba yetu ina kifafa, unajua mambo yetu, watauliza ni ukoo gani huu, watageuza njia. Na nikimwambia mama yake hatalala, atalia, na akilia watamuuliza kwa nini. Niombee posa ipite salama. Ikipita tu, nitamwambia mimi mwenyewe, kwa kinywa changu. Wewe na Sanga Mungu awabariki. Mlinikuta pale kliniki nimekaa kama mtu aliyehukumiwa, mkanigawia viazi vyenu."

Sauti ikakatika. Nje kuku alikuwa akitaga, anapiga kelele za ushindi.

"Futa," Emily akasema. "Futa! Nifanyeje, Kahonzi, nifute!" Akaichomoa simu ya kanisa kwenye waya, akaishika ile sauti tena kwa kidole, akaona neno la kufuta, akalibonyeza kwa nguvu kama anayeua kunguni. Ikatoweka. Akashusha pumzi.

Kahonzi aliangalia simu yake, kisha akaiangalia ya kanisa. "Mama, umeifuta kwenye hiyo tu. Kwetu sote bado iko."

Na hapo ndipo alipoelewa pole zile zilikuwa za nini. Akaelewa pia kimya cha Idah. Idah hakuwa na nafasi ya kuandika. Alikuwa ameshapiga simu Vitengeni.

*

Purity alikuja kuichukua simu jua likiwa bado juu. Alikuwa ameshasikia, njia nzima watu walimtazama. Alisimama kizingitini, akamtazama Emily, akaitazama sola, akaitazama simu juu ya kabati mahali pake. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa na simu ile mchana kutwa. Wote wawili walilijua hilo, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake analijua.

"Ahsante kwa chaji, Mama Kahonzi," akasema, akaitia mfukoni, akaenda.

Emily angependa kofi kuliko ahsante ile.

Kesho yake, ibada ya Jumatano, kanisa lilijaa kama Pasaka. Ujumbe ulikuwa umetoka na jina *Kanisa*, na simu ya kanisa anaishika nani? Kwamba Jumanne ilichajiwa kwa Emily walijua, lakini nani angedhani mke atajivua nguo mwenyewe? Akina mama walimwachia Purity benchi zima peke yake. Mmoja akasema bila kushusha sauti, "Na mimi niliyemwambia habari ya mwanangu, Mungu wangu!" Mwingine akasema, "Uzuri wa mkakasi." Mchungaji Katana, vumbi la safari ya Malindi bado kwenye viatu, alimsimamisha.

"Dada Purity, sauti ile ilitoka mkononi mwako?"

"Simu iko chini ya ulinzi wangu, mchungaji. Ilivyotoka imetoka kwangu. Nihukumuni mimi."

"Lakini wewe ndiye uliyeituma?"

Purity akaufumbata mfuko. Mchungaji akangoja, kisha akanyoosha mkono, na karani akauvua ule mfuko wa kijani shingoni mbele ya watu wote.

Emily alikuwa benchi la tatu. Mdomo wake ulifunguka, ukafungwa. Alijiambia: *baada ya Jumamosi. Posa ipite kwanza.* Wala hakuona kwamba anasema maneno yaleyale ya Mwaro.

Kahonzi alikuwa kando yake. Alisogea tu kidogo, hata bega lake lisiguse la mama yake.

*

Mwaro alifika Ijumaa jioni. Aliletewa maji ya kuoga, akaoga. Aliletewa chakula, akala nusu. Kisha akatoa dawa zake mfukoni akaziweka wazi mezani, maana hapakuwa tena na la kuficha.

"Ulikuwa unaniogopa kiasi hicho?" Emily akamuuliza.

"Nilikuwa nakuhurumia."

"Yeye ulimwambia. Mimi mke wako nikaachwa."

Mwaro akaisukuma sahani. "Hata sasa, Emily? Hata sasa ni habari ya Purity?"

Ndiyo, hata sasa. Kwamba mumewe anaumwa kulimchoma. Lakini kwamba yule alijua mbele yake, kwamba alimgawia viazi siku ya hofu yake kuu, kulimchoma mahali pengine, ndani zaidi, mahali pa aibu.

"Mimi siamini kama ni karani," Mwaro akasema akinyanyuka. "Mtu aliyekataa kumwambia Sanga jina la ugonjwa wangu mpaka aniulize mimi kwanza, huyo hawezi kuutangaza."

Emily akakusanya vyombo.

Vitengeni walikuwa wametuma neno moja tu kwa Idah: *Tutakuja. Lakini tuna swali.* Na Jumamosi wakaja, wazee wanne na kina mama wawili, Eugene nyuma yao ndani ya shati jipya, na kreti mbili za soda. Msemaji alikuwa Mzee Lewa, ami yake Eugene, mtu mwembamba anayesema polepole kama anayepima dawa. Mchungaji Katana naye akafika, na Purity nyuma yake: alimleta aombe radhi kwa nyumba iliyovunjiwa heshima.

Salamu zikaisha. Maji yakanywewa. Kreti zilikuwa katikati, na Kahonzi amekaa mkekani karibu nazo, leso mpya begani.

"Baba Kahonzi," akaanza Mzee Lewa, "pole kwa maradhi."

"Nimeshapoa, mzee."

"Mlidhani hatutakuja. Kifafa tunakijua. Babu yetu mmoja alikuwa nacho, akazaa, akalima, akazeeka. Siku hizi kina dawa. Hicho hakikutufanya tukose usingizi." Akasafisha koo. "Kilichotunyima usingizi ni kwamba siri ya mtu mzima, aliyoipeleka kwa Mungu, tumeipokea Vitengeni kabla ugali haujaiva. Tumejiuliza, mahali tunapotaka kuoa mna mlango? Kwa hiyo swali letu ni hilo. Nani aliyeitoa?"

Mchungaji akageuka. "Purity, mwanangu, sema ulichokuja kusema."

Purity akapiga magoti. "Naomba radhi, Baba Kahonzi. Niliahidi kuitunza na haikutunzika."

"Uliituma wewe?" Mzee Lewa akamuuliza.

"Hapana, mzee."

Watu wakanong'ona.

"Unamjua aliyeituma?"

"Namjua."

"Mtaje basi, mambo yaishe. Tuna safari ya kurudi."

Purity hakumtazama Emily. Aliukazia macho mkeka. "Si yangu kusema, mzee."

"Umevuliwa kazi kwa ajili ya mtu huyo!"

"Najua. Lakini si yangu kusema."

Emily aliyasikia tena maneno yale, na safari hii yalimfika. Mwanamke yule alikuwa akiitunza siri yake. Ya Emily! Pamoja na ya Mwaro, pamoja na za Magarini nzima, alikuwa ameibeba na hii, iliyomla yeye mwenyewe, na angeondoka nayo hivyo. Na Emily, hata pale, hata katika saa ile, alihisi wivu ukimpanda kooni: kwamba huyu anaweza na yeye hawezi.

Akamtazama Kahonzi. Kahonzi alikuwa amekiweka kidole juu ya kizibo cha chupa moja, amekituliza hapo tu.

"Ni mimi," Emily akasema.

Idah akaguta, "We!"

"Ni mimi. Simu ilikuwa kwangu kwa chaji. Nilidhani mume wangu ana mwanamke. Nikasikiliza nusu, nikatuma yote. Karani hana kosa, na Jumatano nilimwona akivuliwa ule mfuko nikanyamaza, kwa sababu ya siku ya leo." Akamgeukia Mzee Lewa. "Kahonzi hakufanya neno. Msimhesabie yangu."

Mwaro alikuwa amefumba macho. Mzee Lewa aliutazama uwanja, kuku, udongo mpya wa ukuta, kisha wazee wenzake, na wakatoka nje kunong'ona. Eugene alibaki, hajui aweke wapi mikono yake.

Waliporudi hawakukaa.

"Umesema kweli, na umeisema ilipokuwa ghali," Mzee Lewa akamwambia Emily. "Hilo tumelihesabu. Lakini kifafa kina dawa, mama, na mdomo hatujaijua dawa yake. Tupeni muda tutazame. Soda tunaziacha. Tukirudi tutazifungua pamoja. Tusiporudi, mzinywe."

Wakaenda. Idah akawafuata bila kuaga.

*

Mchungaji Katana alisimama Jumapili, safari hii bila mzaha. Alisema kosa si la mwanamke mmoja. Nani aliyeitangaza namba madhabahuni? Ni yeye. Nani aliyeziacha sauti za watu zirundikane kwa sababu yuko semina? Ni yeye. Nani aliyeiacha simu ilale nyumba ya muumini, kisha akashangaa? Ni yeye. Akamrudishia Purity ule mfuko wa kijani. Tangu hapo simu haimtoki karani mwilini, inachajiwa yeye akiwa ameketi kando yake. Sauti inafutwa siku ileile, mchungaji awepo asiwepo. Na mwenye jambo zito anaambiwa aje kwa miguu yake, aseme kwa kinywa.

Watu wakaanza tena kumwambia Purity mambo yao, kuliko zamani. Emily hakuna anayemwambia hata bei ya nyanya. Wakimwona anakuja kisimani wanazungumzia mvua. Na yeye huwatazama wanavyomkimbilia yule, akasikia kaa lilelile likiwaka chini ya jivu. Anajua sasa kwamba halizimiki. Linalindwa tu, kama moto mwingine wowote ndani ya nyumba ya makuti.

Mwaro anameza dawa zake mezani, mbele ya watu. Hotelini wamemwondoa kwenye mafuta, wakampa kukata mboga. Wakati mwingine anamsemesha Emily, wakati mwingine anasahau.

Kreti mbili ziko pembeni mwa chumba. Eugene hupiga simu, na Kahonzi hutoka nje kuipokea. Kila Jumamosi huzipangusa zile chupa vumbi, moja moja, kisha huzirudisha kama zilivyokuwa. Mama yake hamuulizi wanasema nini. Anatamani kujua kuliko anavyotamani pumzi, na haulizi.

Akina mama walipokutana kabla ya mavuno, wakampa Emily nafasi ya kusema, wengine kwa huruma, wengine wapate cha kucheka. Hakuhubiri. Alitaja ya kuepuka tu, akakaa:

Usiisikilize sauti isiyotumwa kwako, hata ikiwa ya mume wako. Hasa ikiwa ya mume wako.

Usisikilize nusu.

Usitume kitu ukiwa na hasira. Kachote maji kwanza.

Usidhani ukifuta kwako kimefutika kwa watu.

Usiipokee simu ya kanisa nyumbani kwako, hata ukiombwa, hata ukisifiwa.

Usikubali namba ya siri ambayo hata watoto wa Jumapili wanaiimba.

Usimwambie karani jambo la mtu mwingine ambalo hukutumwa, ukasema ni maombi.

Usimlazimishe anayetunza siri akwambie. Anayekunyima ya wenzako ndiye atakayewanyima wenzako yako.

Usimngoje mtu aje na maneno ya benchi. Muulize mwenyewe, siku ileile.

Usimwache asiye na kosa avuliwe mbele ya watu, eti ya kwako yapite kwanza.